Kamera ya Bandani Haioni? Pima Mawimbi Kabla ya Kutoa Fedha

Mwezi wa Mei, siku ya mvua, mzee mmoja aliingia ofisini kwetu akiwa na simu mkononi. Nilidhani amekuja kuuliza habari za mbolea au chanjo ya ng'ombe, maana hayo ndiyo maswali ya kila siku katika ofisi ya kilimo. Lakini aliweka simu mezani akasema, "Mwalimu, hebu nisomee hapa." Wazee wa huku kwetu Nyandarua huniita Mwalimu kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani. Nilisoma. Palikuwa na maneno machache tu, kwamba kamera haipatikani.

Basi akanieleza. Usiku wa juzi wezi waliingia katika banda lake wakamchukua mtamba mwenye mimba ya miezi saba. Mtamba huyo alimnunua kwa mkopo wa chama cha ushirika, na deni bado linakatwa katika fedha za maziwa kila mwezi. Kamera ilikuwako bandani, na taa yake ndogo ilikuwa ikiwaka. Lakini picha za usiku ule hazikuwako. Tulipotazama vizuri tuliona kwamba kamera haikuwa imetuma picha hata moja kwa siku 19. Siku hizo zote mzee alilala usingizi mzito, akiamini kwamba ana mlinzi.

Tena kuna jambo lililonisikitisha zaidi. Mwezi mmoja kabla ya wizi, mzee alikuwa ameona picha zikikatika. Akaomba shauri, akaambiwa alipie intaneti ya kasi zaidi. Akalipa. Kwa siku chache picha zilikuja na kupotea, halafu zikapotea kabisa. Fedha zimekwenda, na mtamba amekwenda.

Nilikwenda nyumbani kwake Jumamosi iliyofuata, tukapima pamoja. Naandika tuliyoyaona ili mkulima mwingine asipoteze fedha na mnyama kwa njia ile ile.

INTANETI NA WAIFAI SI KITU KIMOJA

Yafaa kwanza tuelewe jambo hili, kwa maana wengi hupotea hapa. Intaneti huja mpaka nyumbani kwako kwa waya au kwa mnara wa simu, nayo huishia katika kile kisanduku chenye taa ndogo ambacho huitwa ruta. Kutoka ruta mpaka kamera ni safari nyingine. Safari hiyo haina waya. Ni mawimbi ya redio yanayopita hewani, nayo ndiyo huitwa waifai.

Fikiria maziwa yako. Lori la ushirika hupita barabara kubwa, lakini kutoka bandani mpaka barabarani ni njia ya miguu. Njia hiyo ikiwa tope tupu, maziwa yatachelewa na kuharibika. Je, ukiwaomba ushirika walete lori kubwa zaidi, tope litakauka? Haliwezi kukauka. Vivyo hivyo, kulipia intaneti ya kasi zaidi ni kuleta lori kubwa. Ikiwa shida iko katika njia ya miguu, yaani katika waifai, fedha yako imepotea bure.

Jambo la pili ni kwamba kamera husema kuliko inavyosikiliza. Picha hutoka kwa kamera kwenda kwa ruta. Watu wawili wakiitana kutoka ng'ambo mbili za bonde, na mmoja ana sauti kubwa na mwingine ana sauti ndogo, yule mwenye sauti ndogo atasikia lakini hatasikika. Ruta ina sauti kubwa. Kamera ina antena ndogo na sauti ndogo. Ndiyo sababu mtu huweza kuona alama nzuri ya waifai akiwa bandani, na bado picha hazifiki. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kununua ruta yenye nguvu sana kutaponya kila kitu.

PIMA KWANZA

Mkulima mwema hapimi mbolea kwa macho. Mawimbi nayo yasipimwe kwa macho.

Anza kwa jaribio rahisi. Ondoa kamera mahali pake, uilete ndani ya nyumba, uiweke hatua mbili au tatu kutoka kwa ruta, pamoja na chaja yake. Itazame kwa simu muda wa nusu saa. Ikiwa hata hapo picha zinakatika, kosa haliko katika umbali. Liko katika kamera yenyewe, au chaja, au intaneti. Hapo ndipo uwaite mafundi au kampuni ya intaneti. Lakini ikiwa hapo picha ni safi, basi umejua kwamba shida iko njiani.

Sasa pima njia. Kamera nyingine huonyesha nguvu ya mawimbi katika programu yake ya simuni. Kama yako haionyeshi, ziko programu za bure za kupima waifai kwa simu za Android. Nguvu huandikwa kwa namba yenye alama ya kutoa mbele yake, kwa mfano -50 au -80. Ihesabu namba hiyo kama deni: deni la 50 ni jepesi kuliko deni la 80. Namba zenyewe zasomeka hivi:

-50 au pungufu ya hapo: mawimbi ni mazuri sana.
-60: mazuri, kamera itafanya kazi bila taabu.
-67 hadi -70: hapa ni mpakani; siku nyingine itafanya kazi, siku nyingine itashindwa.
-80 na zaidi: usitegemee kitu.

Tena ujue kwamba deni hili hupanda haraka. Kila likiongezeka kwa 3, nguvu ya mawimbi imepungua kwa nusu. Kwa hiyo -70 si pungufu kidogo ya -60. Nguvu yake ni sehemu moja tu ya kumi.

Tulitembea na simu kutoka sebuleni mpaka bandani, kiasi cha meta 60, na mjukuu wa mzee akiandika katika daftari. Karibu na ruta tulipata -42. Nje ya mlango wa jikoni, -58. Ghalani, ambako ni katikati ya njia, -71. Chini ya kamera, -84. Mzee alitazama daftari akasema, "Kumbe mtamba wangu aliibwa kati ya mlango huu na ghala lile." Alisema kweli.

MAMBO YANAYOZUIA MAWIMBI

Kwanza ni mabati. Chuma hurudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Nyumba yenye kuta za mabati, mlango wa chuma au madirisha yenye wavu wa chuma huyafungia mawimbi ndani. Kamera ya mzee ilikuwa imepigwa misumari chini ya paa la banda, ndani kabisa, mabati juu yake na mabati nyuma yake.

Pili ni kuta nene. Ukuta wa mbao hauzuii sana. Ukuta wa mawe huzuia zaidi, na zege yenye nondo huzuia zaidi tena. Ikiwa mawimbi yanapita ukuta kwa mshazari, ni kama ukuta umenenepa.

Tatu ni maji. Maji hunyonya mawimbi. Tangi la maji lililojaa, likisimama kati ya ruta na kamera, ni kizuizi kikubwa.

Nne ni majani mabichi, na hili ndilo wakulima husahau, kwa maana majani nayo yamejaa maji. Mzee alifunga kamera yake mwezi wa Februari. Wakati huo majani ya nepia yaliyo kati ya nyumba na banda yalikuwa yamekatwa mpaka chini, na kamera ilifanya kazi. Mvua ya masika ikanyesha. Mwezi wa Mei nepia ilikuwa imempita mtu kimo, nene na yenye umande. Mvua yenyewe hewani haidhuru waifai sana katika umbali wa shamba la kawaida. Kinachodhuru ni majani yaliyonenepa na kulowa. Mahindi na migomba hufanya kazi ile ile. Basi ukifunga kamera wakati wa kiangazi, kumbuka wakati wa masika.

DAWA, KUANZIA ILE ISIYO NA GHARAMA

1. Hamisha ruta. Ruta ya mzee ilikuwa chini, nyuma ya televisheni, ndani ya kabati. Tuliitoa tukaiweka juu ya rafu, karibu na dirisha linalotazama banda. Ruta ipande juu, iwe wazi, isiwe nyuma ya televisheni, wala karibu na jokofu, wala karibu na jiko la umeme la maikrowevu, kwa kuwa jiko hilo likiwaka hutoa mawimbi ya namna ile ile. Kazi hii ilituchukua dakika kumi. Chini ya kamera namba ikatoka -84 ikawa -76. Ghalani ikatoka -71 ikawa -62. Hatukutoa hata senti moja.

2. Tumia mawimbi yanayokwenda mbali. Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya namna mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 5 ni ya kasi, lakini hayaendi mbali na huchoka upesi yakipita ukutani. Kwa kamera ya nje tumia ya 2.4, tena kamera nyingi zajua hayo tu. Unapopima kwa simu, hakikisha simu nayo iko kwenye 2.4, la sivyo utapima kitu kingine.

3. Chagua chaneli isiyo na msongamano. Katika gigahezi 2.4, chaneli 1, 6 na 11 haziingiliani. Ukikaa mjini au kwenye kituo cha biashara, ambako kila duka lina ruta yake, tazama ni chaneli gani ina watu wachache, uichague hiyo katika mipango ya ruta. Kwa mkulima aliye mbali na majirani jambo hili si kubwa.

4. Toa kamera chini ya mabati. Tuliisogeza kamera ya mzee mpaka kwenye nguzo ya mbele ya banda, upande unaotazama nyumba, tukaikinga mvua kwa kipande cha ubao badala ya bati. Kama kamera ina antena, isimame wima. Namba ikawa -70. Ndipo tukafyeka mstari mwembamba wa nepia, ng'ombe wakala.

5. Punguza mzigo. Kamera moja ya picha safi za kawaida huweza kutaka megabiti 1 hadi 4 kila sekunde. Kamera nne ni mzigo mara nne. Kama njia ni nyembamba, punguza ubora wa picha katika programu yake, au uiambie irekodi pale tu kitu kinapotembea. Picha ya wastani iliyofika ni bora kuliko picha nzuri iliyopotea.

UKIHITAJI KUNUNUA KITU

Ukiisha fanya hayo yote na namba bado ni mbaya, sasa waweza kufungua mfuko.

Kifaa cha bei nafuu ni kile cha kupokea mawimbi na kuyatuma mbele, ambacho mafundi hukiita eksitenda. Kosa la watu wengi ni kukifunga karibu na kamera, ambako mawimbi yamekwisha kufa. Kifaa hiki hakiumbi mawimbi. Hutuma kile ilichopokea. Mpokezi wa kijiti katika mbio hasimami penye utepe wa mwisho, husimama katikati. Kifunge mahali ambapo simu bado inasoma -65 au pungufu. Kwa mzee mahali hapo palikuwa ghalani, ambako pana taa na soketi. Alikinunua, tukakifunga, na chini ya kamera tukapata -58. Ujue pia kwamba vifaa vya bei rahisi hupunguza kasi karibu nusu, kwa kuwa hupokea na kutuma kwa redio moja. Kwa kamera moja au mbili si neno.

Dawa iliyo imara kuliko zote ni waya. Waya wa mtandao huweza kufika meta 100 bila kifaa kingine njiani, nao haujali nepia wala mabati. Ziko kamera ambazo hupata umeme na mtandao kwa waya huo mmoja. Tumia waya uliotengenezwa kwa ajili ya nje, uupitishe katika bomba la plastiki ardhini, usije ukakatwa na jembe au kutafunwa na fuko. Kwa sababu ya radi, mwombe fundi aweke kinga katika ncha zote mbili.

Kama banda liko mbali kupita meta 100, ng'ambo ya bonde kwa mfano, ziko jozi za vifaa vya kutazamana. Kimoja hufungwa nyumbani na kingine bandani, navyo hurusha mawimbi kwa mstari mmoja kama mwanga wa tochi. Huenda mbali sana, lakini sharti vionane bila mti wala kilima kati yao. Na mahali ambapo hata hilo halifai, iko kamera ya laini ya simu, ambayo haihitaji ruta kabisa. Gharama yake ni kununua bando kila mara.

Kabla ya kununua chombo chochote cha redio, uliza kama kimekubaliwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

USIISINGIZIE WAIFAI MAKOSA YA UMEME

Wakulima wengine huniambia, "Kamera yangu hufanya kazi mchana, usiku hufa." Jambo hili mara nyingi si waifai. Giza likiingia, kamera huwasha taa zake zisizoonekana ili ione usiku, na taa hizo hutaka umeme zaidi. Kama waya wa chaja ni mrefu na mwembamba, umeme hupungua njiani, kamera huzimika na kuwaka tena na tena. Ijaribu usiku kwa waya mfupi. Ikipona, nunua waya mnene, au usogeze chaja karibu na kamera ndani ya kisanduku kisichopenya maji.

Tena, weka kadi ya kumbukumbu ndani ya kamera kama ina nafasi yake. Mtandao ukikatika, kamera itaendelea kuandika katika kadi, na picha utazipata asubuhi. Kama mzee angalikuwa na kadi hiyo, tungaliona wezi walikuja kwa njia gani. Lakini umeme ukikatika kamera nayo hulala, isipokuwa ina betri.

MAMBO MATATU YA KUKUMBUKA

La kwanza, badilisha neno la siri lililokuja na kamera na lile la ruta. Neno la siri la kiwandani hujulikana na watu wengi, na mwizi anayeweza kutazama kamera yako anajua saa unayotoka nyumbani.

La pili, kamera itazame mali yako tu. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu ni habari zake binafsi. Isielekezwe kwenye ua wa jirani, wala mahali mfanyakazi anapolala au kuoga. Mwambie mfanyakazi kwamba kamera iko.

La tatu, kamera haiondoi kufuli, wala mbwa, wala ujirani mwema. Picha ya mwizi haimzuii mwizi. Husaidia tu kama mtu ameiona kwa wakati, au kama yaweza kupelekwa polisi.

Huenda msomaji akauliza, "Nitajuaje kwamba kamera yangu ni nzima leo?" Jawabu ni hili: itazame. Kila jioni kabla ya kulala mtu huenda kutazama kama komeo la banda limefungwa. Fungua simu vile vile, uone banda lako lilivyo dakika hiyo, si picha ya jana. Na mara moja kwa mwezi, hasa majani yanapokuwa marefu, pima namba tena uiandike katika daftari pamoja na hesabu za maziwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtamba wa yule mzee hajaonekana mpaka leo, na deni bado analipa. Lakini juzi alinipigia simu saa tatu ya usiku. Nilishtuka. Akasema, "Mwalimu, usiogope. Nataka tu kukuambia kwamba ninawaona ng'ombe wanacheua, na namba ni hamsini na tisa." Kisha akakata simu, akaenda kutazama komeo.